Gugu karoti: kung'oa, kufyeka, kupulizia dawa au kuotesha nyasi? Ulinganisho kwa vikundi vya kujitolea

Vikundi vingi vya mazingira huchagua namna ya kupambana na gugu karoti, gugu vamizi lenye majani yanayofanana na ya karoti (*Parthenium hysterophorus*), kwa kuangalia kilichopo stoo. Pakiwa na mafyekeo, wanafyeka. Mfadhili akileta mabomba ya mgongoni, wanapulizia. Gugu lenyewe haliulizwi liko katika hatua gani, ndiyo maana eneo lililosafishwa kwa shangwe mwezi Machi linakuwa jeupe kwa maua mwezi Mei.

Ulinganisho huu ni wa kikundi cha watu 10 hadi 30 wanaojitolea, wenye asubuhi moja au mbili kwa wiki na mfuko mwembamba. Tumeuandika tukiwa na Arusha na Kilimanjaro akilini, kwa kuwa Arusha ndiko gugu hili lilikoripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, mwaka 2010. Kenya linafahamika tangu miaka ya 1970, kwenye mashamba ya kahawa, na Uganda lilitambuliwa mwaka 2008. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ukiwa Baringo au Masindi, njia ni hizihizi. Badilisha kalenda ya mvua tu.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili asiye na muda asome hapa aondoke. Eneo mnaloweza kulimaliza ndani ya wiki tatu, ng'oeni kwa mkono kabla ya maua. Likizidi hapo, ng'oeni kingo na madoa mapya, katikati tumieni dawa kwenye miche michanga, kisha otesheni nyasi mara moja. Kufyeka peke yake ni kupoteza asubuhi.

Kwa nini wiki tatu

Mbegu huota mvua zinapoanza. Katika wiki za mwanzo mmea hauna shina la kuonekana: majani yaliyokatikakatika yanatandaa chini kwa duara, yakifunika udongo na kuzuia kingine chochote kisiote. Tutaita hii hatua ya kutandaa. Baadaye shina linanyanyuka, linatawanya matawi, na juu yake vinatokea vichwa vidogo vya maua meupe, upana wa kama milimita 4, vyenye pembe tano. Mmea wenye maji ya kutosha hufika mita moja na nusu, hata mbili.

Kutoka kuota hadi ua la kwanza ni wiki sita hadi nane mvua ikiwa nzuri. Udongo ukikauka ghafla, mmea unajihami kwa kutoa maua mapema, hata ukiwa na wiki nne tu na urefu wa kiganja. Hapo ndipo vikundi hunaswa. Mvua inakatika siku kumi, watu wanaona miche ni midogo, wanasema tutakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao mbegu ziko chini. Ndiyo maana kipimo chetu ni wiki tatu, kabla ya hizo nne kufika.

Kila kichwa cha ua hutoa mbegu 5. Zidisha kwa idadi ya vichwa: mmea mkubwa mmoja huweza kutoa mbegu 15,000 na kupita. Ni nyeusi, urefu wa milimita 2 hivi, nyepesi kiasi cha kusafiri na maji ya mfereji, tope la tairi, kwato, samadi na marobota ya nyasi. Mbegu iliyobaki juu ya udongo haidumu sana. Ama inaota ama inakufa. Iliyofukiwa sentimita chache chini hukaa hai miaka kadhaa. Kwa hiyo kulima kwa trekta shamba lenye gugu karoti lililokwisha kutoa mbegu ni kujiwekea akiba ya magugu ya miaka ijayo.

Hakikisheni kwanza mnapambana na mmea wenyewe. Ponda jani: karoti hunuka karoti, hili halinuki hivyo. Kishona nguo nacho kina maua yenye weupe, lakini vijani vyake ni vipana na mbegu zake ni sindano zinazong'ang'ania nguo. Shina la gugu karoti lililokomaa, ukilipitishia kidole, lina mifereji ya wima na vinyweleo. Watu wapya wafundishwe kwa mmea halisi ulioshikwa mkononi, maana picha ya simu haionyeshi hiyo mifereji.

Njia kwa ufupi

| Njia | Wakati wake | Kurudi | Inapoharibika |
|---|---|---|---|
| Kung'oa | Hatua ya kutandaa hadi kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu | Kila wiki 3 msimu wa mvua | Mzizi ukikatika shingoni. Wenye maua kuachwa chini |
| Kufyeka | Kabla ya maua tu, kama hatua ya dharura | Kila wiki 2 | Kisiki huchipua na kutoa maua chini ya fyekeo |
| Dawa | Miche yenye majani machache hadi kutandaa | Wiki 3 hadi 4 | Kupulizia mmea wenye maua, upepo, maji ya tope |
| Nyasi au ngwara (mmea wa jamii ya kunde unaofunika ardhi) | Mwanzo wa mvua, ardhi ikiwa imesafishwa | Palizi moja au mbili za mwanzo | Mifugo kuingia mapema. Mbegu mbovu |
| Mdudu mla majani | Msimu wa mvua, kwa kibali tu | Miaka kadhaa | Kutegemewa peke yake |

Kung'oa kwa mkono

Ndiyo njia inayolingana na nguvu ya watu wa kujitolea. Haihitaji leseni, haiui nyasi za jirani, na kosa lake linaonekana palepale. Adui yake ni ukubwa wa eneo, kwa hiyo pimeni kabla ya kutangaza siku ya kazi.

Chukueni kamba ya mita 40, mtengeneze mraba wa mita 10 kwa 10 mahali penye msongamano wa kawaida. Watu wawili wang'oe kila mmea ndani yake huku mtu wa tatu akishika saa. Tuseme wametumia dakika 25. Ekari moja ina miraba kama 40 ya namna hiyo, kwa hiyo jozi moja ingehitaji dakika 1,000, karibu saa 17. Watu 10 ni jozi tano: saa tatu na dakika ishirini. Hiyo ni asubuhi moja kwa ekari. Ekari sita ni asubuhi sita. Mkikutana mara mbili kwa wiki ni wiki tatu kamili, mko mpakani. Ekari kumi na mbili, hesabu imeshawakataa, na hamna haja ya kuubishia msimu.

Siku nzuri ni ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa. Udongo mkavu unakata mzizi, na udongo wa tope unaganda kwenye mizizi na viatu na kubeba mbegu hadi kwingine. Shika mmea chini kabisa, chini ya majani ya mwisho, zungusha kidogo, kisha vuta wima. Mzizi mkuu ni mmoja na hutoka mzima ardhi ikiwa laini. Penye ardhi ngumu, kama kando ya barabara ya changarawe, ingiza sululu au jembe dogo sentimita tano hadi kumi pembeni mwa mzizi, nyanyua udongo, ndipo uvute. Muhimu ni shingo, pale shina linapokutana na mzizi. Mmea ukikatika juu ya shingo utachipua tena, mara nyingi kwa matawi mengi kuliko ya kwanza. Aliyekatikiwa asiende mbele hadi aichimbue.

Jipangeni mstari mmoja, mita mbili kati ya mtu na mtu, wote wakielekea upande mmoja kwa mwendo wa yule wa polepole zaidi. Nyuma ya mstari wawekeni wakaguzi wawili wasiong'oa: kazi yao ni kuona kilichorukwa na kubeba viroba vya mimea yenye maua. Bila wakaguzi, kila mtu hung'oa mikubwa iliyo usawa wa macho na kukanyaga miche. Miche hiyohiyo ndiyo wimbi la wiki tatu zijazo.

Mimea isiyo na maua kung'uteni udongo kwenye mizizi, muilaze juu ya turubai au mwamba mizizi ikiangalia juu. Ikilazwa kwenye udongo wenye unyevu na mvua ikarudi jioni, mingine inashika tena. Ikikauka inafaa kwa mboji.

Yenye maua ni habari nyingine. Mmea uliong'olewa ukiwa na maua huweza kuendelea kukomaza mbegu ukiwa umelala. Funika kichwa chake kwa kiroba kwanza, ndipo ung'oe, ugeuze kiroba na kufunga mdomo. Viroba vikae juani vikiwa vimefungwa mpaka vilivyomo vikauke, kisha vichomwe kwenye shimo, kwa idhini ya serikali ya mtaa, watu wakiwa upande upepo unakotoka. Msivitie kwenye mboji. Mboji ya kawaida ya kijijini haipati joto la kutosha kuua mbegu zote. Na kiroba kilichobeba gugu karoti kisirudi kubebea mahindi.

Ratiba ya masika inakwenda hivi: mzunguko wa kwanza wiki mbili hadi tatu baada ya mvua ya kwanza kubwa, halafu kila baada ya wiki tatu hadi udongo ukauke. Kama mvua imeshika katikati ya Machi, tarajieni mizunguko minne hadi mwanzoni mwa Juni, na miwili au mitatu wakati wa vuli. Msiwaahidi wakazi kwamba litaisha mwaka huu. Kwa mbegu zilizofukiwa, hesabuni miaka minne au zaidi, ingawa kazi ya mwaka wa pili, kama hakuna mmea ulioachwa utoe mbegu, ni nyepesi kwa wazi.

Ngozi na kifua vinaamua nani ang'oe

Gugu hili lina sumu iitwayo pathenini, ambayo kwa baadhi ya watu huleta mwasho, ngozi kubabuka na kope kuvimba. Chavua yake nayo huchochea mafua ya mzio na pumu. Tatizo ni kwamba mzio hujengeka. Mtu anaweza kung'oa msimu mzima bila shida, msimu wa pili akaamka uso umevimba. Akishafika hapo, kila mguso unaofuata unakuwa mbaya zaidi, na hana budi kuacha.

Vaeni glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Za kitambaa hunyonya utomvu na kuushikiza kwenye ngozi. Mikono mirefu, suruali, buti, barakoa. Msijifute jasho usoni kwa glavu. Kila mtu awe na kitambaa chake shingoni. Nguo zifuliwe peke yake siku hiyohiyo.

Mwenye pumu, au ambaye ngozi yake imeshaonyesha dalili, apewe kupima, kuandika rekodi au kuandaa mbegu za nyasi. Watoto hatukubali kabisa wapewe kazi hii. Klabu za mazingira za shule hupewa kung'oa gugu karoti kwa sababu wanafunzi ni wengi na hawadai posho, lakini kumjengea mtoto wa miaka kumi mzio wa kudumu ni bei kubwa mno kwa uwanja safi. Wachore ramani, wahesabu, waoteshe nyasi.

Kufyeka

Kufyeka kunapendwa kwa kuwa matokeo yanaonekana saa ileile na mgeni rasmi anapigwa picha mbele ya eneo safi. Kisiki kilichobaki kina shingo nzima na mzizi mzima. Ndani ya siku chache kinachipua, na safari hii matawi yanatambaa chini na kutoa maua usawa wa kifundo cha mguu, ambako fyekeo halifiki. Mkifyeka mara tatu bila kung'oa, mmetengeneza gugu fupi lenye maua mengi. Mashine ya kufyekea ni mbaya zaidi likiwa na mbegu, kwa sababu waya unazirusha mita kadhaa na zinajificha kwenye kifuniko cha mashine hadi kazi inayofuata.

Kuna hali moja tu tunayoikubali. Eneo ni kubwa, maua yanakaribia kufunguka, na timu ya kung'oa au ya dawa haitafika kabla ya wiki mbili. Hapo fyekeni chini iwezekanavyo ili kununua muda, na tarehe ya kurudi iandikwe kabla hamjaondoka. Mashine ipigwe brashi palepale, siyo nyumbani.

Dawa ya magugu

Kwa ekari nyingi zenye msongamano, dawa ina kasi ambayo mikono haina. Lakini kwa watu wa kujitolea ndiyo njia yenye nafasi nyingi zaidi za kukosea, na makosa yake hayaonekani siku hiyo. Anayepulizia awe amefundishwa, dawa iwe imesajiliwa, na ushauri utoke kwa afisa ugani au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), ambayo makao yake yako Arusha.

Aina mbili ndizo zinazojadiliwa mara nyingi. Glaifoseti huua karibu kila kijani inachokigusa, nyasi zikiwemo. Inafaa penye gugu tupu, lakini inaacha ardhi wazi, na ardhi wazi ndiyo gugu karoti linayoitaka. Ya pili, 2,4-D, huacha nyasi na kuua mimea ya majani mapana, kwa hiyo kwenye malisho ina faida. Hiyohiyo ikipeperushwa na upepo inakunja maharage, nyanya, alizeti na pamba za jirani. Kwenye vitongoji vya Arusha, ambako kila nyumba ina nyanya nyuma ya ukuta, hatushauri kikundi kiiguse.

Dawa yoyote ifanye kazi kwenye miche na hatua ya kutandaa. Mmea wenye maua ukipuliziwa unanyauka taratibu, na wakati unakufa unaendelea kukomaza mbegu. Mnaona mashina makavu, mnapongezana, na chini mbegu zimejaa.

Kipimo kisichukuliwe kwa kifuniko cha chupa wala kwa alichosema muuza duka. Lebo hutaja lita kwa hekta. Nyinyi mnahitaji mililita kwa bomba. Njia ni hii. Jazeni bomba maji matupu hadi alama, pulizieni mraba wa mita 10 kwa 10 kwa mwendo wa kawaida, kisha pimeni maji mliyojazia kurudi kwenye alama. Tuseme ni lita 2. Hekta ni mara 100 ya mraba huo, kwa hiyo ni lita 200, na bomba la lita 15 litafunika mita za mraba 750. Kama lebo inasema lita 3 kwa hekta, basi kila bomba linahitaji mililita 225. Kila mpuliziaji apime mwendo wake mwenyewe. Mrefu mwenye hatua ndefu na mfupi mwenye haraka hawatoi kiasi kimoja, na nozeli iliyolika hutoa zaidi ya mpya.

Kinachoharibu mara kwa mara ni maji. Glaifoseti hushikamana na chembe za udongo na kupoteza nguvu, hivyo maji ya mfereji yenye tope yanaiua kabla haijafika kwenye jani. Vumbi nene la barabarani lililo juu ya majani linafanya vilevile. Subirini mvua iyaoshe, kisha majani yakauke. Mvua ikinyesha saa chache baada ya kupulizia, sehemu ya kazi imeondoka nayo. Upepo ukitikisa majani ya mgomba kwa nguvu, rudini nyumbani. Na msipulizie karibu na mto, kisima au mifereji ya asili. Tunaacha mita 30 hapo na kung'oa kwa mkono.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudi kwenye bomba, kisha itobolewe. Isiyotobolewa itakuwa na maziwa au mafuta ya taa ndani ya wiki.

Nyasi na ngwara

Hii haiondoi gugu lililosimama. Inazuia lijalo, na ndiyo hatua ambayo vikundi huiacha kwa kuwa haina msisimko. Mahali palipong'olewa vizuri pakabaki udongo mtupu patajaa tena, kwa sababu mche wa gugu karoti unaopata jua bila mshindani hauhitaji kingine.

Kwenye malisho na kando ya barabara, nyasi za Rhodes zinafanya kazi nzuri kwa kuwa zinatambaa na kufunga ardhi. Andaeni kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa hekta. Mbegu ni nyepesi na zinashikamana, kwa hiyo changanyeni na mchanga mkavu ndipo mzirushe, nusu mkienda mashariki-magharibi na nusu kaskazini-kusini. Zisifukiwe zaidi ya sentimita moja. Tawi la miti lililoburutwa linatosha. Mbegu iliyovunwa juzi huota vibaya, inayofaa ni iliyokaa miezi kadhaa. Jaribuni kabla ya kununua nyingi: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku kumi. Zikiota chini ya 30, mrudishieni muuzaji au ongezeni kiasi.

Mifugo isiingie mpaka nyasi zimeshika mizizi, walau miezi mitatu hadi minne. Hapo ndipo kazi nyingi hufa, na lawama si ya mfugaji. Kama hakushirikishwa tangu mwanzo na hana pa kulisha, ataingia. Malisho yaliyochungwa kupita kiasi yanapokea gugu karoti haraka, kwa sababu ng'ombe wanachagua nyasi na kuliacha gugu. Wakikosa chaguo na kulila, maziwa yanakuwa machungu na nyama inashika ladha.

Shambani, ngwara inashinda nyasi. Ipandwe kati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya kwanza, iendelee kufunika ardhi mahindi yakishavunwa. Inafunga kivuli, inaongeza naitrojeni, na ina soko. Kwa mkulima, sababu ya mwisho inazishinda mbili za kwanza.

Mdudu, moto, chumvi

Kuna mbawakavu, *Zygogramma bicolorata*, mwenye urefu wa milimita 6 hivi na michirizi ya kahawia mgongoni, ambaye yeye na viluwiluwi vyake hula majani ya gugu karoti. Australia ilimwachilia mwaka 1980 na India mwaka 1984. Anafanya kazi wakati wa mvua. Kiangazi hujificha ardhini. Idadi yake huchukua miaka kuongezeka, na mara nyingi hutokea gugu likiwa limeshaanza maua. Kwa kikundi, kazi pekee ni kutoharibu: kama wataalamu wamemwachilia eneo lenu, acheni madoa wanayowaonyesha bila kung'oa wala kupulizia. Msibebe wadudu kutoka popote kuleta kwenu. Hilo ni suala la kibali na karantini.

Moto hauunguzi mmea mbichi, unaunguza nyasi zilizokuwa zikilizuia. Chumvi inaua gugu na udongo pia. Zote mbili ziacheni.

Kwa mahali penu

Ua la shule, zahanati, makaburi, chini ya ekari moja: kung'oa tu, halafu nyasi. Hakuna sababu ya dawa kuingia hapo.

Hifadhi ya barabara: anzeni kwa kuuliza barabara ni ya nani, TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maana mkandarasi wao anaweza kupita na mashine siku mbili kabla yenu na kuharibu ratiba nzima. Mwombeni afyeke kabla ya maua au aache kipande chenu. Ng'oeni mkivaa vizibao vya kuakisi mwanga, mtu mmoja akiangalia magari bila kufanya kingine. Rundo la changarawe au mchanga lililoletwa karibuni lichunguzwe kila baada ya mvua, kwa sababu madoa mengi mapya huanzia pembeni mwake.

Kando ya mto na mfereji: anzeni juu, mteremke na maji. Mkianza chini, mtarudi tena na tena kung'oa mbegu zilizoshuka. Hakuna dawa.

Shamba la mahindi au maharage: palizi mbili za jembe dogo kabla ya maua, kisha ngwara. Aliyechelewa na kukuta maua ang'oe kwa kiroba kwanza, asilime. Samadi na marobota ya kununua yakae sehemu moja msimu mzima ili kinachoota kionekane.

Malisho makubwa yenye msongamano: hapa ndipo njia huunganishwa. Gaweni eneo. Mzunguko wa nje, upana wa mita 20, na kila doa lililojitenga ling'olewe kwa mkono kwanza, hata kama katikati kunatisha. Doa la mimea kumi likiachwa mwaka mmoja linakuwa kiini kipya, na kulifuta leo ni kazi ya dakika chache. Katikati ipuliziwe kipande kwa kipande na aliyefundishwa, kila kipande kikioteshwa nyasi mvua hiyohiyo. Kipande ambacho hamna mbegu za nyasi za kukifunika, msikipulizie mwaka huu.

Limekauka, mashina ya kahawia, mbegu zimeiva, na mmefika leo: msilitikise. Bora kulikata taratibu likiwa na umande wa asubuhi, mbegu zikiwa bado zimeshikana, na kuliingiza kwenye kiroba kichwa kikitangulia. Kisha pigeni vigingi vinne pembeni, mzungushe kamba ya rangi, mwandike tarehe. Mvua ya kwanza ikinyesha, hapo ndipo mahali pa kuanzia, wiki mbili baadaye, kabla ya kwingine kote.